Barbados au Grenada kwa likizo ya wiki moja?

Mhamiaji_TO: Wakuu, niko Toronto, mimi na mke wangu tunatafuta pa kuikimbia baridi ya Januari. Tumebaki na visiwa hivi viwili vya Karibea. Gari hatukodi. Mliofika, tupeni mwanga.

Chausiku: Kama hamkodi gari, Barbados. Ukisimama tu barabarani ZR hiyo hapo: vipanya vyeupe, muziki unapasua masikio, abiria mnabanana hadi mlangoni. Mtu wa Mbagala hapati shida. Nauli dola 3.50 za kwao, na mbili zao ni moja ya Marekani, hesabu nyepesi. Kuogelea ni pwani ya magharibi. Bathsheba, upande wa Atlantiki, mkatazame mawimbi tu. Mkondo wa kule hauna mzaha. Ijumaa usiku msikose samaki wa kuchoma Oistins.

Basibasi: Napinga. Barbados pazuri lakini mfuko utalia. Grenada kuna milima, msitu, na ziwa la Grand Etang ndani ya kreta, yaani shimo la volkano. Nendeni kituo cha kungumanga cha Gouyave: kina mama wanachambua kwa mikono, halafu zinamwagwa kwenye maji, nzito zinazama, nyepesi zinaelea na kutengwa. Kimbunga Ivan cha 2004 kiling'oa sehemu kubwa ya miti ile, na mkungumanga hauzai kesho wala keshokutwa.

Pemba_Asilia: Yaani mtu wa visiwani akate tiketi ya ndege akaangalie kungumanga? 😂

Basibasi: Basi kale *oil down*, mkuu. Shelisheli, nyama ya chumvi, majani ya magimbi na manjano, vyote sufuria moja. Tui linaachwa likauke mpaka yabaki mafuta chini. Hapo utajihisi Chake Chake.

Chausiku: Na Barbados kuna *cou-cou*, unga wa mahindi unaosongwa na bamia. Ugali na mlenda vimeshaoana humo humo sufuriani, mimi nilimaliza sahani bila kuuliza.

Mhamiaji_TO: Mke kashachagua Grenada, kisa hilo shelisheli. Mabasi je?

Basibasi: Mchana yapo. Giza likiingia yanapungua sana, na Jumapili ni ya kubahatisha. Laleni karibu na ufukwe wa Grand Anse, na teksi mkubaliane bei kabla hamjapanda.