Baba wa Danny kwenye The Chosen: kumnyamazia mtoto ni mapenzi?

Mtoto wa Ngamiani:
Wakuu, nimemaliza riwaya ya Chaim Potok, The Chosen (1967), na kuna jambo limenikaa kooni.

Danny na Reuven ni vijana wa Kiyahudi wa Williamsburg, Brooklyn. 1944 wanakutana kwenye mechi ya besiboli kama maadui. Danny anapiga mpira, unavunja miwani ya Reuven, kioo kinamwingia jichoni. Baadaye wakawa chanda na pete. Hapo sina neno.

Neno langu liko kwa baba yake Danny, Reb Saunders. Ni kiongozi wa Wahasidi, Wayahudi washika dini sana, cheo cha kurithishana, na Danny ndiye mrithi. Mzee haongei na mwanawe ila Talmudi, kitabu cha sheria za dini yao, ikiwa wazi mezani. Kitabu kikifungwa, na mdomo umefungwa. Miaka nenda miaka rudi!

Mimi nilisomeshwa na baba mwenyewe, barazani kwetu. Akishika Safina, kile kitabu cha fiqhi, anacheka, ananitania nikikosea faradhi za udhu. Tukimaliza, hata "umekula?" huipitishia kwa mama. Siku alipotaka nijue hapendi nikasomee uhasibu, alimwita rafiki yangu, akamketisha, akamweleza yeye. Mimi nipo hapo hapo nakunja mkeka.

Sasa fika mwisho wa riwaya: Reb Saunders anamweleza Reuven yale yote ya Danny, na Danny kakaa palepale, analia. Nilishindwa kuendelea, nikatoka nikaenda ufukweni Raskazone, hapa Tanga, kupunga upepo.

Mzee anadai alimnyamazia ili mtoto mwenye akili nyingi vile aote moyo, ayajue maumivu ya watu. Mnamkubalia?

Bint Pangani:
Simkubalii hata kidogo. Mtazame baba wa pili, David Malter. Mjane, mwalimu, anazungumza na Reuven kila kitu, chai iko mezani. Je, Reuven alikosa moyo? Na ndiye anayetaka urabi, ushehe wa Kiyahudi, kwa hiari yake! Aliyelelewa kimya ndiye anakimbilia saikolojia, anakata ndevu na vishungi vya kidini vya kando ya masikio, cheo kinabaki kwa mdogo wake Levi.

Halafu mama yake Danny je? Yumo nyumbani humo, lakini sauti yake huisikii. Hamumuulizi kamwe, nyie.

WajaLeo:
Bint Pangani, usisahau mzee mwishoni anamwomba mwanawe msamaha. Wangapi hapa washaombwa msamaha na baba zao?

Mimi naona tamu ya kitabu iko pale anapopiga marufuku urafiki. Malter alikuwa akipigania taifa la Wayahudi. Reb Saunders anaona ni kufuru kulisimamisha kabla Masihi hajaja. Vijana wako chuo kimoja, wanapishana kwenye ngazi hawasemezani. Reuven ndio anaonjeshwa dawa aliyokunywa mwenzake tangu utotoni, na anaumwa kweli, hadi masomo yanayumba. Bila hapo, maneno ya mzee mwishoni yangempita tu.

Ila ndugu, hujamaliza hadithi yako. Uhasibu ulisoma, hukusoma?

Mtoto wa Ngamiani:
Nilisoma. Ada alilipa yeye. Risiti akampa rafiki yangu aniletee.

Bint Pangani:
😂 Huyo rafiki mlimlipa lakini?