Waandaaji wa mchezo wa jukwaani Dodoma, mabinti mliwatoa ukumbini kwa sheria ipi?

Wakuu salaam. Mods, naomba uzi huu msiutupe kule kwenye udaku.

Jumamosi nimekwenda kuangalia tamthilia hapa Dodoma. Tangazo lilisema saa kumi, tumeanza inakaribia saa kumi na mbili kwa sababu mgeni rasmi hajafika. Hilo nimelizoea, mji wa viongozi huu.

Mchezo wenyewe sasa! Binti wa kidato cha tatu kajilaza kitandani anawaza, hivi nikifa leo itakuwaje? Msiba wake unaanza palepale na yeye anautazama. Kamati inagombania nyama ya pilau. Shangazi analia kwa kuimba, mara anakatisha kuuliza marehemu fomu two alipata divisheni ngapi. Kijana aliyekuwa anampenda kaja, ila anachati. Ukumbi mzima hoi kwa kicheko. Halafu binti anasema taratibu, "Mbona hakuna aliyeuliza nilikuwa na nini?" Kimya. Pembeni yangu kulikuwa na mwanafunzi, kajiziba mdomo kwa mkono wa sweta, hajui acheke au alie.

Hapo ndipo mama mmoja wa waandaaji akapanda jukwaani na maiki: wanafunzi wote watoke, haya si ya umri wao. Waigizaji wamesimama kama nguzo za umeme. Mabinti wakatoka kimyakimya, sisi wenye vitambi tukabaki kuangalia mawazo ya binti wa miaka 15!

Umri wao? Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 imeandika msichana wa miaka 15 anaweza kuolewa mzazi akiridhia. Mahakama Kuu ikasema 2016 kwamba hiyo inakwenda kinyume na Katiba, Mahakama ya Rufani nayo ikakazia 2019. Yaani kuozeshwa watu wamebishania mpaka mahakamani, ila kukaa kwenye kiti cha plastiki na kucheka, hapo ndipo mnakumbuka kuwa ni mtoto.

Baadaye nikasikia eti kuchekea kifo si mila zetu. Mila za wapi hizo? Watani si ndio wanakuja msibani wanamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea na kukohoa, wafiwa wanacheka na machozi yakiwatoka? Au utani nao siku hizi unasubiri kibali?

Kama hofu ni binti kubeba mawazo mabaya, hiyo naielewa. Wekeni mwalimu wa unasihi azungumze nao mchezo ukiisha. Kumtoa nje katikati ya msiba, kabla hajaona binti anaamka au haamki, ndiko kumwachia hayo mawazo aondoke nayo.

Wale wanafunzi wametoka Chamwino, wamelipa nauli na kiingilio. Kama mratibu yumo humu ajibu: hela yao inarudi lini, na lini wataitwa wakaone nusu iliyobaki?