Senti 10 za tundu: rangi ya umri au shaba inayoliwa?

Mkusanya_Jinja
Wandugu, salaam. Nina senti 10 mbili za Afrika Mashariki. Ya 1952 ni kahawia iliyokolea, na kando ya pembe za ndovu zilizochorwa juu yake ina samawati na zambarau kidogo. Ya 1964 ina madoa ya kijani mpauko kuzunguka tundu, na yanaacha unga kwenye karatasi. Ipi ni nzima, na nifanye nini bila kuipunguzia thamani?

Senti_Tundu
Ndugu, kabla ya rangi, tazama uso wenyewe. Shika sarafu kwa ukingo chini ya taa moja, uiinamishe huku na huku. Rangi ya umri ni utando mwembamba tu: mng'ao wa kiwandani bado unazunguka chini yake pamoja na mwanga, na kahawia huingia kwenye zambarau bila mpaka mkali. Palipoharibika, mng'ao hukatika ghafla, na lenzi inayokuza mara 10 itakuonyesha vishimo. Ya 1952, kwa maelezo yako, iache kabisa. Rangi hiyo ndiyo uzuri wake. Ila samawati kali ikijaa hadi ndani ya mikwaruzo mipya, shuku kwamba imepashwa moto au kupakwa kemikali.

Ya 1964 inanitia wasiwasi. Unga mpauko ni dalili ya ugonjwa wa bronzi (mchanganyiko wa shaba na bati uliotengeneza senti hizi): kloridi, yaani chumvi ya klorini, iliyojificha ndani ya madini hukutana na unyevu na hewa, asidi ya hidrokloriki inatokea, asidi inakula shaba, na kloridi nyingine inazaliwa. Ndiyo maana ukiifuta tu, inarudi.

Shaba_Mbale
Kijani kina aina zake. Kikiwa kinanata, kimetoka kwenye mifuko laini ya plastiki ya PVC. Loweka kwa asetoni safi (kiyeyushi kinachowaka upesi) dakika 10 katika chombo cha kioo, madirisha wazi, mbali na moto. Dawa ya kuondolea rangi ya kucha haifai, ina manukato na mafuta. Kijani kigumu kilichotulia, usikiguse.

Kwa unga: itenge na sarafu nyingine. Kwangua taratibu kwa kijiti cha meno chini ya lenzi, usisahau ukuta wa ndani wa tundu. Loweka katika maji yaliyokenekwa, ukibadilisha kila siku kwa wiki kadhaa, kisha ichovye kwenye asetoni kutoa maji. Ihifadhi katika kikasha kinachofungwa vizuri chenye silika jeli (punje zinazofyonza unyevu), unyevu wa hewa ndani yake uwe chini ya asilimia 40. Hapo Jinja, kando ya ziwa, jeli hushiba haraka. Nunua inayobadilika rangi, uikaushe ikibadilika. Vishimo havitajaa tena, na unga ukirudi, rudia.

Mkusanya_Jinja
Asanteni sana. Na limau na majivu?

Shaba_Mbale
Hapana! Asidi ya limau inavua utando wote, majivu yanakwaruza, na shaba inabaki na wekundu wa waridi ambao mnunuzi yeyote mzoefu anautambua akiwa mbali.

Senti_Tundu
Hata mafuta ya zeituni yaache. Yana asidi yake, na hugeuza rangi polepole.