Mwendokasi inafika hadi Feri, ndoo ya samaki ipande wapi?

binti_saranga
Habari zenu wadau. Mama mdogo anauza samaki wa kukaanga huku Saranga, kila asubuhi anashuka Feri, soko la samaki la Dar, kuchukua mzigo. Mwendokasi, yale mabasi yenye njia yake peke yake, ilipoanza 2016 ikawa inashusha watu Kivukoni pale pale karibu na soko, tukafurahi tukajua yeye ndo atafaidi kuliko wote. Kwenda sawa, anapanda vizuri tu. Kurudi sasa, ana ndoo mbili zinadondosha maji na harufu juu, basi lenyewe la kufungwa vile, hata kusogea getini anaona aibu. Kwahiyo wanachanga wanawake wanne watano wanakodi kirikuu (kigari kidogo cha mizigo) mpaka Kimara na ile hela inatoka kwenye faida, siku samaki wakipanda bei anarudi na hela ya mafuta ya kukaangia tu. Zamani kwenye daladala alikuwa anaelewana na konda, analipia ndoo, inakaa nyuma, safari inaendelea. Sasa tukisema usafiri wa umma uwe wa haki, watu wa mizigo kama huyu tunawaweka fungu gani?

kitimwendo_kimara
Pole yake mama. Mi natembelea kiti cha magurudumu, acha niisifie mwendokasi kwanza maana inastahili, jukwaa la kituo liko usawa wa mlango wa basi naingia mwenyewe, wakati kwenye daladala nilikuwa nabebwa kama gunia. Dar kupewa tuzo ya usafiri endelevu 2018, mji wa kwanza Afrika, mi nilielewa kabisa kwanini. Ila kutoka nyumbani hadi kituoni ni mchanga na makorongo, inabidi boda mmoja anibebe mimi mwingine abebe kiti, yaani nimeshalipa mara mbili kabla sijakata tiketi. Njia ya basi ya awamu ya kwanza ni kama kilomita 21, mi nimeshindwa na mita 600 za mtaani kwetu.

mtoto_wa_konda
Na watu wa daladala waliotolewa Morogoro Road kupisha mwendokasi je? Johannesburg walipoanzisha mwendokasi yao, Rea Vaya, 2009 wenye teksi (ndo daladala zao zile) waligoma sana, wakakaa mezani muda mrefu, 2011 kampuni ya kuendesha mabasi ikaingia mikononi mwao wenyewe. Mi naona ni jambo kubwa lile. Lakini hisa ni za mwenye gari, dereva wa kuajiriwa na konda kama mzee wangu hawana gari, watapata hisa kwa lipi?

fundi_Ubungo
@binti_saranga dada angalia hivi, asubuhi watu wote wanaelekea mjini, basi linalogeuza Kivukoni kurudi Kimara halijabanana kabisa. Sasa yale mawili matatu ya muda wa soko yangetolewa siti za nyuma, sakafu ikawekwa sehemu ya ndoo zenye mifuniko, na nauli ya mzigo ijulikane ibandikwe kituoni, mbona hakuna barabara mpya ya kujenga hapo? Ni kuamua tu kwamba muuza samaki naye ni abiria.

binti_saranga
Kaka nimemsomea mama mdogo zote. Anauliza hilo basi litaondoka saa ngapi, maana ikipita saa tatu jua linawaharibu samaki. Ndoo za mifuniko anasema anazo.