Naomba ushauri: nitaihusishaje tanzia ya Kigiriki na historia ya wakati wake bila kubuni?

MtafitiMchanga aliandika:

Shikamooni wakubwa zangu, na salamu kwenu wenzangu. Ninaandaa pendekezo la tasnifu ya uzamili katika fasihi, na nimechagua tamthilia ya Euripides kuhusu wanawake wa Troya, iliyoonyeshwa Athens mwaka 415 KK. Niliandika kwamba Euripides aliitunga ili kuwashutumu Waathens wenzake kwa yale waliyoyatenda katika kisiwa cha Melos, ambako, kama anavyosimulia mwanahistoria Thucydides, waliwaua wanaume waliowateka na kuwauza utumwani wanawake na watoto. Msimamizi wangu amenirudishia pendekezo hilo akiwa ameandika pembeni maneno mawili tu: "Thibitisha tarehe." Nimeumia, kwa sababu tamthilia ile iliniliza, na ningali naamini kwamba hakuna awezaye kuandika kilio cha Andromache, mjane wa shujaa wa Troya Hector, akinyang'anywa mwanawe bila kuguswa na vita vya zama zake. Nianzie wapi? Kigiriki sikijui, ninategemea tafsiri za Kiingereza, na kwa Kiswahili nimesoma *Mfalme Edipode*, ambayo ni tafsiri ya Samuel Mushi ya kazi ya Sophocles.

MwalimuWaFasihi alijibu:

Marahaba. Msimamizi wako amekuonyesha mahali penyewe hasa penye shida. Melos ilisalimu amri katika majira ya baridi ya 416 kuingia 415 KK, na tamasha la Dionysia, ambamo tanzia zilishindanishwa, lilifanyika karibu na mwezi wa Machi. Sasa zingatia utaratibu wa maandalizi: ofisa aliyesimamia tamasha, yaani arkoni, aliingia madarakani katikati ya mwaka, na miongoni mwa kazi zake za mwanzo ilikuwa kuwateua matajiri watakaogharamia korasi za washairi watatu wa tanzia. Baada ya hapo yalifuata mazoezi ya muda mrefu ya kuimba na kucheza. Kwa hiyo yawezekana kabisa kwamba Euripides alikwisha kuipanga kazi yake kabla Melos haijaanguka, na dai lako kuhusu nia yake halina pa kusimama.

Hata hivyo, usiitupe hoja yako, bali ligeuze swali. Badala ya kuuliza mtunzi alikusudia nini, uliza watazamaji waliisikiaje, kwa maana walioketi kwenye mteremko wa Akropoli siku ile walikuwa raia wa mji uliokwisha kupigana kwa miaka mingi, na baadhi yao huenda walikuwa wametoka Melos miezi michache tu iliyopita. Tena Melos haikuwa ya kwanza: mwaka 421 KK Waathens waliutenda mji wa Scione vivyo hivyo, na huo Euripides alikuwa na muda wa kutosha kuutafakari. Usisahau pia kwamba tamthilia hii ilikuwa ya tatu katika tanzia zake tatu za mwaka ule, na mbili zilizoitangulia, zilizomhusu Alexandros na Palamedes, zimebaki vipande tu. Anayeisoma peke yake anasoma mwisho wa kitu kirefu zaidi.

MpendaHistoria alijibu:

Naongeza jambo moja ambalo wanafunzi wengi hulipita. Ukumbi wenyewe ni ushahidi. Waandishi wa karne ya nne KK, akiwemo Isocrates, wanaeleza kwamba katika tamasha hilo kodi iliyotoka kwa miji washirika ilionyeshwa mbele ya umati, na vijana ambao baba zao walifia vitani, waliolelewa kwa fedha za umma, walipitishwa wakiwa wamevaa silaha. Fikiria kuwaona yatima hao, kisha kumwona mtoto wa Hector akipelekwa kuuawa. Kuwa mwangalifu, lakini, na wasifu wa kale wa washairi, kwa kuwa sehemu kubwa yake ilichotwa katika mizaha ya watunzi wa vichekesho, Aristophanes na wenzake, ikageuzwa kuwa historia.

MtafitiMchanga aliandika:

Nawashukuru sana, Mwalimu na ndugu yangu. Habari za Scione sikuzijua kabisa. Je, ingefaa niongeze sura moja juu ya Warumi, pengine juu ya Terence, mtunzi wao wa vichekesho?

DadaWaMaktaba alijibu:

Mdogo wangu, Terence anastahili tasnifu yake mwenyewe. Kwake una bahati ambayo kwa Wagiriki huipati kwa urahisi: tamthilia zake zimetufikia pamoja na maelezo mafupi ya maonyesho, yanayotaja michezo ya umma ambamo zilionyeshwa na hata mpiga filimbi. Kwa hayo tunajua kwamba ile ya ndugu wawili ilionyeshwa mwaka 160 KK katika mazishi ya Aemilius Paullus, aliyeishinda Makedonia. Lakini ilichezwa kwenye jukwaa la muda la mbao, kwa sababu Roma haikuwa na ukumbi wa kudumu wa mawe hadi ule wa Pompey mwaka 55 KK, na watu walikusanyika kwa sababu tofauti kabisa na za Athens. Ukizichanganya jamii hizi mbili katika kurasa chache, utazidhulumu zote.

MwalimuWaFasihi alijibu:

Nakubaliana na dada. Kisome kwanza kitabu cha tano cha Thucydides, kuanzia Scione hadi Melos, ukiandika pembeni majira ya kila tukio, ndipo uirudie tamthilia.