Rupia, hela 20 na shilingi ya mkoloni: sonara, mkupuo au nisubiri?

Binti_Kongwa: Wakuu, habari za jioni. Tulipobomoa tembe la babu huku Kongwa tumekuta kopo limechomekwa juu kwenye boriti. Ndani sarafu tatu: rupia ya Mjerumani ya 1905, hela 20 ya 1916, na shilingi ya Afrika Mashariki ya 1922, ile ya simba. Sonara mmoja wa Dodoma mjini anataka rupia tu, kwa gramu. Jamaa mwingine anataka zote kwa mkupuo, elfu arobaini. Au nikae nazo? Shilingi kaka yangu ameshaisugua kwa waya wa masufuria, inang'aa balaa.

Mzee_wa_Mizani: Mwambie kaka aweke mikono mfukoni! Ule weusi wa moshi ndio unaomwonyesha mkusanyaji wa sarafu kwamba sarafu haijachezewa. Waya unaacha mikwaruzo isiyofutika. Na shilingi hiyo fedha ni robo tu, iliyobaki ni mchanganyiko. Katika gramu zake 7.8, fedha halisi haifiki gramu mbili. Sonara hakuihitaji tangu mwanzo, na sasa mkusanyaji naye haihitaji.

Rupia ni habari nyingine. Ikiwa mpya ina gramu 11.66, na fedha yake ni karibu asilimia 92. Ipime kwanza. Iliyotembea sana hupungua kidogo, ila ikipungua gramu nzima, ishuku. Sumaku ikiing'ang'ania, hiyo ni chuma.

Binti_Kongwa: Asante mzee. Nimepima leo, 11.5. Sumaku haivuti. Kuna herufi J ndogo.

Kijana_Mpwapwa: Herufi ni alama ya mji ilikopigwa: J ni Hamburg, A ni Berlin. Sasa dada, kaa dirishani asubuhi, uilaze ili mwanga uipige ubavuni. Kofia ya Kaisari Wilhelm ina tai juu. Hapo ndipo panapoanza kulika kwa sababu pameinuka. Kama manyoya yanaonekana moja moja, usimpe sonara hata akilia. Kama tai amebaki kinundu na sharubu zimezama shavuni, bei ya mkusanyaji na ya sonara hazipishani sana, mpe aliye karibu.

Binti_Kongwa: Bawa moja naliona vizuri. Kichwa cha tai hakipo.

Kijana_Mpwapwa: Hali ya katikati basi.

Mchuuzi_Sabasaba: Mie ningechukua hiyo arobaini. Ada za watoto hazisubiri mkusanyaji.

Reli_ya_Kati: Mbona mnairuka hela 20? Tazama kama ina T. Hiyo ni Tabora! Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza walifunga njia ya bahari, sarafu hazifiki kutoka Ujerumani, Wajerumani wakapiga za kwao kwenye karakana ya reli. Huko huko zikatoka rupia 15 za dhahabu zenye tembo. Hii yako ni shaba, kwa sonara haina bei, na si adimu kama watu wanavyovumisha. Ila uangalifu: nyingi zilitoka mashineni zikiwa hafifu, taji halikukolea, tuseme. Usidhani zimelika. Ukiona uwanda, ile sehemu tupu ya sarafu, ni laini bila mikwaruzo lakini maandishi hafifu, ni kasoro ya kuzaliwa. Na ndiyo hela yenyewe tunayoitaja kutwa, jina limebaki, sarafu imeondoka.

Mzee_wa_Mizani: @Mchuuzi, ada naielewa. Lakini binti, kabla hujampa mtu, muulize sonara gramu ya fedha leo ni kiasi gani, zidisha kwa 10.5, ndizo gramu za fedha halisi ndani ya rupia yako. Hiyo ndiyo sakafu ya bei ya rupia peke yake. Na atakayekuja na hadithi ya kitapeli ya rupia inayovuta mchele, mfungie mlango.

Binti_Kongwa: Nimerudi. Hesabu ya sonara kwa rupia tu imepita elfu arobaini ya yule jamaa, nimemwambia asinipigie tena. Rupia naipiga picha pande zote mbili niwaonyeshe wakusanyaji kwanza. Hela 20 ina T, naibakiza nyumbani. Kaka anauliza kama anaweza kuitoboa shilingi aivae shingoni.

Mzee_wa_Mizani: Atoboe.