Bafle (spika) za zamani au mpya kwa sebule ya mbao, Goma?

Himbi_Salon: Ndugu zangu, ampli (amplifaya) yangu ni ya wati 40 kwa kila upande, nyuma imeandikwa ohm 8–16. Naona pea mbili: ya zamani kutoka Ulaya, wufa (spika ya besi) inchi 10, dB 91 (sauti inayotoka kwa wati moja), ohm 8, na mpya ndogo, wufa inchi 5, dB 85, ohm 4. Sebule ni ya mbao, mita 4 kwa 5. Nichukue ipi?

FundiKatindo: Anza na ampli, bafle baadaye. Kila dB 3 zinazopungua zinadai wati mara mbili. Sauti ambayo ile ya zamani inaitoa kwa wati 10, mpya itakudai 40, yaani ampli yote. Ikifika mwisho inakata vilele vya mawimbi, na twita, spika ndogo ya sauti za juu, ndiyo inayoungua kwanza. Tena ohm 4 kwenye ampli ya 8–16 ni kuichemsha bure.

Ndosho_Bass: Kwa ampli hiyo, sawa. Ila msizitukane mpya. Kwa udogo wake zinashuka besi vizuri, na sauti ya mwimbaji inatoka safi. Wufa ya inchi 10 ukiisukuma kwenye kona ya nyumba ya mbao, mbao zenyewe zinaanza kuimba. Iache nusu mita kutoka ukutani, juu ya tofali.

Bobine: Kabla ya kulipa, toa kitambaa cha mbele. Gusa povu linalozunguka koni: likinata au likiacha unga kidoleni, limekufa. Halafu bonyeza koni polepole kwa vidole vinne, nguvu sawa pande zote. Ukisikia mkwaruzo, bobine (koili ya waya nyuma ya koni) inagusa chuma cha sumaku. Hapa kwetu mara nyingi ni vumbi jeusi la lava. Lina chembe za madini ya chuma, sumaku inalivuta hadi ndani.
Multimita: ohm 8 husoma karibu 6. Isiposoma kitu, kuna waya uliokatika. Twita ipime pale waya zinapoungana nayo yenyewe, kwa sababu kapasita iliyo mbele yake inazuia umeme wa mita.

Himbi_Salon: Asante yaya. Povu limekufa kweli, koni haikwaruzi. Niache?

FundiKatindo: Hapana, punguza bei. Povu jipya linabandikwa. Pima kipenyo cha koni na cha fremu kabla ya kuagiza, maana inchi 10 hazifanani zote. Kwangua la zamani, futa gundi kwa alkoli, bandika kwenye koni kwanza. Kwenye fremu, piga mlio wa hezi 30 kwa sauti ndogo huku gundi ikishika. Mlio ukikwaruza, sogeza koni kidogo. Acha saa 24. Gundi ya haraka usiitumie: inakuwa ngumu kama kioo, povu linapasuka kwenye mkunjo.

Kapasita_Birere: Fungua na kichujio, kile kinachogawa sauti kati ya wufa na twita. Kapasita za elektroliti zikizeeka twita inafifia. Weka zisizo na chanya na hasi, maikrofaradi zile zile, volti 100. Za filamu zinadumu, ila twita inaweza kung'aa kupita kiasi.
Na usidanganywe na sura. JBL L100 Century ya 1970 ni ohm 8. L100 Classic ya 2018 inafanana nayo kabisa, wufa inchi 12 vilevile, lakini ni ohm 4. Soma kibandiko cha nyuma.

Himbi_Salon: Nachukua za zamani. Mpira badala ya povu je?

Bobine: Unadumu zaidi, lakini ni mzito. Kama koni yako ni ya karatasi nyepesi, baki na povu.